Daftari Linasemaje? Hotuba kwa Wazazi na Wahitimu wa Kidato cha Sita, Dodoma

Maneno haya niliyasema Jumamosi iliyopita kwenye ukumbi wa kata, hapa Dodoma mjini, mbele ya wazazi na vijana waliomaliza kidato cha sita. Wengine mlikuwa shamba, wengine safarini, mkaniomba niyaandike. Nimeyaacha yalivyotoka mdomoni. Picha tulizoonyesha ukutani nimeziruka.

Mheshimiwa Diwani, Mtendaji wetu wa Kata, wenyeviti wa mitaa, viongozi wetu wa dini, wazazi wenzangu, na ninyi vijana wangu: Mbukwenyi!

Asanteni. Sasa kabla sijasema lolote, Mtendaji aliwatangazia mje na vyeti. Naomba kila aliyekuja na cheti cha kuzaliwa cha mwanawe akinyanyue juu. Juu kabisa, nione. Naona bahasha za kaki. Naona mafaili ya plastiki. Naona vyeti vilivyoleminishwa mpaka vinang'aa kama kioo. Shusheni, asanteni.

Kuna mama amekaa hapa mbele. Nilimuuliza asubuhi tulipokuwa tunapanga viti: mama, kwa nini umekileminisha hicho cheti? Akanijibu, "Ili ukweli usipate maji."

Jibu hilo limenikaa moyoni. Na nataka tulichukue sote, tujiulize: ukweli wenyewe uko wapi? Uko ndani ya hiyo karatasi uliyoifunika plastiki, au uko mahali pengine?

Mnaonifahamu mnajua kwamba nimefanya kazi masjala. Niliingia mwaka 1986 nikiwa binti wa miaka 23, nikastaafu mwaka 2023. Miaka 37 ya majalada, folio, mihuri na vumbi. Mzee aliyenipokea siku ya kwanza alikuwa mtunza kumbukumbu wa zamani, mtu wa maneno machache. Ukimpelekea karatasi yoyote, hata iwe na mihuri mitatu, hata iwe na saini ya mkubwa gani, hakuisoma kwanza. Alikutazama juu ya miwani yake, akauliza swali moja tu: "Daftari linasemaje?"

Daftari linasemaje? Nilidhani ni ukorofi wa uzeeni. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba mzee yule alikuwa ananifundisha kazi yote kwa maneno mawili.

Sikilizeni. Mtoto wako alipozaliwa hospitali, walikuandikia tangazo la kizazi. Lile tangazo si cheti, ingawa wapo wazazi mpaka leo wanalitunza wakidhani ni cheti. Tangazo linakwenda kwa msajili wa wilaya. Msajili anafungua daftari la vizazi, anaandika mstari: jina la mtoto, tarehe, mahali, jina la baba, jina la mama, na namba ya ingizo. Halafu, kutoka kwenye ule mstari, ndipo kinanakiliwa hiki ulichonyanyua juu sasa hivi. Maana yake cheti ni dondoo. Ni mjumbe. Ametumwa na daftari kuja kusema maneno ya daftari. Na mjumbe, wazazi wangu, anaweza kuwa mkweli, anaweza kuwa mwongo, na anaweza kuwa mkweli aliyesahau nusu ya ujumbe.

Kwa hiyo mtu akikupa karatasi, kuitazama karatasi hakutoshi. Umuulize aliyeituma.

Wenyeji wa Dodoma, mimi sihitaji kuwafundisha hili. Ni mara ngapi mmeona kiwanja kimoja kina watu wawili, kila mmoja ana karatasi mkononi, kila karatasi ina muhuri, na wote wawili wamechimba msingi? Kila mmoja anaapa. Kila mmoja amelipa. Mnakwenda ardhi, daftari linafunguliwa, mmoja anakaa chini na kulia.

Sasa niwapeleke Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, ukumbi wa Chimwaga, tarehe 28 Aprili 2017. Wengi wenu mnaikumbuka siku ile. Hayati Rais Magufuli alikabidhiwa pale taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi. Elfu tisa mia tisa thelathini na mbili! Na vyeti vingine 1,538 vilikutwa vinatumiwa na watu zaidi ya mmoja. Cheti kimoja, watumishi wawili, ofisi mbili tofauti, mishahara miwili.

Mimi wakati ule nilikuwa kazini. Ofisi siitaji, na watu siwataji, maana wana watoto na wajukuu. Lakini nitawaeleza nilichokiona kwa macho yangu.

Tuliagizwa kila mtumishi alete vyeti vyake halisi, tukaorodhesha namba za mtihani, vikapelekwa kulinganishwa na kumbukumbu za Baraza la Mitihani. Namba ya shule, namba ya mtahiniwa, mwaka, jina, ufaulu. Basi pale ofisini tulikuwa na dada mmoja mchapakazi sana. Cheti chake kilikuwa kisafi kuliko vyote. Hakina mkunjo. Wino wake umekolea. Mimi mwenyewe ndiye niliyekiingiza jaladani miaka mingi nyuma, nikakigeuza, nikakitazama kwenye mwanga wa dirisha, nikaandika kwa mkono wangu: "Nakala halisi imeonekana." Nilikuwa na hakika.

Tulikuwa pia na mwalimu mmoja aliyehamia ofisini kutoka Kondoa. Cheti chake kilikuwa aibu. Kona moja imeungua kwenye moto wa nyumba, katikati kimechanika kikaungwa kwa gundi, jina la pili halisomeki bila kukazana. Miaka yote mwalimu yule alikuwa akitazamwa kwa jicho la pembeni. Akiomba kupanda daraja, mtu ananong'ona: kile cheti, kile cheti.

Majibu yakarudi. Cheti kile kisafi hakikuwa na mwenyewe. Namba ile ilikuwa ya mtahiniwa mwingine kabisa, mwenye jina jingine. Na cheti kilichoungua kona kilikuwa halali, herufi kwa herufi, alama kwa alama. Mwalimu alipoambiwa, hakucheka wala hakushangilia. Alikwenda kukaa nje chini ya mwarobaini, akakaa kimya mpaka saa ya kutoka kazini. Miaka kumi na minne alikuwa amebeba shaka ambayo jibu lake lilikuwepo muda wote. Hakuna aliyekuwa ameliuliza daftari.

Na yule dada je? Aliondoka. Mwaka 2022 Serikali iliamua kwamba walioondolewa kwa vyeti vya kughushi warudishiwe michango yao ya mifuko ya hifadhi, na mimi niliona ni jambo la utu. Lakini ninachotaka mkishike hapa ni kwamba jicho langu, jicho la mtu aliyesomea kutunza kumbukumbu, lilidanganywa na karatasi safi na likamwonea mwenye karatasi chafu. Kama jicho langu lilikosea hivyo, la karani wa benki litakuwaje? La mwenye nyumba anayetaka kukupangisha litakuwaje?

Ndiyo maana mimi, niliyeishi na karatasi maisha yangu yote, nasimama hapa kuwaambia kwamba uhakiki wa mtandaoni ni jambo jema. Ni lile swali la mzee wangu, isipokuwa sasa swali linakwenda na kurudi bila mtu kupanda basi. Zamani ili kujua kama cheti cha mtu aliyezaliwa Newala ni cha kweli, tuliandika barua, ikapelekwa posta, tukasubiri, tukaandika ya kukumbusha, tukasubiri tena. Mwombaji amekaa nyumbani miezi, kazi imekwenda kwa mwingine. Leo kijana anayeomba mkopo wa elimu ya juu anaingia kwa simu yake mfumo wa RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, anajaza taarifa, anapakia picha ya cheti, anapata kontrol namba, analipa, na RITA wanalinganisha na walichonacho. Bodi ya Mikopo wanataka cheti kilichohakikiwa namna hiyo. Muhuri wa wakili juu ya nakala unasema nakala inafanana na karatasi aliyoletewa. Hauwezi kusema kama ile karatasi ilitoka daftarini.

Tuko pamoja?

Basi sasa nije kwenye jambo lililonileta hasa, na hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Nyote mnaijua kata ya Ng'hong'onha, hapo karibu na chuo kikuu. Naomba mniambie: inaandikwaje? Nimeiona kwenye vibao, kwenye barua, kwenye risiti, ikiandikwa kwa namna nne. Yenye ritifaa mbili, yaani vile vimkia vya juu. Yenye kimkia kimoja. Isiyo nacho kabisa. Yenye "h" na isiyo na "h". Na bado mtu akikuambia anakwenda huko, dereva wa bodaboda hapotei. Kwa sababu binadamu anasikia neno, anaelewa mahali.

Mashine haielewi mahali. Mashine inaona herufi. Ng'h ni kitu kimoja. Ngh ni kitu kingine. Ng' ni kitu cha tatu. Na sisi Wagogo majina yetu mangapi yana sauti hiyo?

Nina mjukuu, mtoto wa mwana wa dada yangu. Alimaliza kidato cha sita mwaka jana, kafaulu vizuri, kachagua masomo yake. Jina la babu yake linaanza na sauti hiyo hiyo. Kwenye cheti cha kuzaliwa msajili aliandika vizuri kabisa, Ng'h, na kimkia chake. Alipokuwa anasajiliwa kufanya mtihani wa kidato cha nne, wanafunzi waliambiwa waandike majina yao kwenye karatasi, mwalimu akayajaza. Mtoto aliandika haraka, Ngh. Hakuna aliyeuliza cheti. Alipokwenda kujiandikisha kitambulisho cha taifa, akataja jina kwa mdomo, aliyekuwa anajaza si mtu wa huku kwetu, akaandika alivyosikia: Ng', bila "h". Mtoto akapewa fomu aihakiki. Hakusoma. Alisaini.

Hesabuni. Mtoto mmoja. Mama mmoja aliyemzaa. Watu watatu.

Na kwa miaka kumi na minane hakuna aliyegundua! Kliniki walimpokea, shule ya msingi ilimpokea, kanisani alipata kipaimara, sekondari alisoma. Kwa nini? Kwa sababu kila mahali alikuwepo mtu aliyemtazama mtoto usoni, kisha akatazama karatasi, akasema ni huyu huyu. Karatasi ilikuwa inasamehe, kwa sababu msomaji wake alikuwa binadamu.

Siku mfumo ulipomtazama, haukumwona mtoto. Kwenye maombi ya mkopo unaanza kwa namba ya mtihani wa kidato cha nne, na jina linatoka kwenye kumbukumbu za mtihani. Cheti cha kuzaliwa kinasema vingine. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, inasema vingine. Ikawa safari. Kwa wakili kuandika hati ya kiapo. Ofisi ya kwanza, wakamwambia kiapo kina kosa. Ofisi ya pili, mtandao unasumbua, rudi kesho. Baba yake anafanya kibarua cha kupunguza matawi kwenye mashamba ya zabibu huko Mpunguzi. Kila siku anayomsindikiza mtoto mjini ni siku isiyo na ujira. Siku kumi na moja! Mtoto alifanikiwa zikiwa zimebaki siku tatu dirisha la maombi lifungwe. Nilikuwa naye siku ya mwisho, pale steshenari, alipobonyeza kitufe cha kutuma. Mkono wake ulikuwa unatetemeka. Kwa ajili ya kimkia kimoja cha juu.

Nani alaumiwe? Mwalimu? Karani? Mtoto? Nimefikiri sana, na nimefika mahali nasema hivi: tatizo lilikuwa siku zote limo ndani ya karatasi zetu. Mtandao haukulileta. Mtandao umeweka karatasi tatu kwenye meza moja kwa mara ya kwanza, na zikagundua kwamba hazifahamiani.

Kwa hiyo, wazazi, mtu asiwadanganye kwamba kilichomo kwenye kompyuta kilishuka kutoka mbinguni. Kiliandikwa na mtu, kutoka kwenye karatasi, au kutoka kwenye mdomo wako. Daftari likikosewa, mfumo utaliimba kosa hilo kila mahali, kwa sauti ile ile, siku ile ile, na kila ofisi itaamini.

Chukueni mfano wa namba ya NIDA. Ina tarakimu 20. Mmewahi kuzitazama? Itoeni, mwenye kitambulisho atoe. Soma nane za mwanzo. Mwaka, mwezi, siku. Ni tarehe yako ya kuzaliwa! Sasa kama siku ya kuandikishwa ulikadiria tarehe, au mtoto alikutajia asiyoijua, kosa limeingia ndani ya namba yenyewe. Unalibeba kila unapoitaja.

Naomba hapa niseme na wale ambao hawana cha kunyanyua. Nimewaona. Niliposema nyanyueni vyeti, wapo walioinamisha vichwa.

Bibi yangu mzaa mama hakuwahi kuwa na karatasi. Ukimuuliza umri, alisema: wakati wa Mtunya nilikuwa bado nanyonya. Mtunya ni ile njaa kubwa iliyoipiga Ugogo baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1918 mpaka 1920. Watu waliuza watoto kwa chakula, familia zikatawanyika. Kwa bibi yangu hiyo ndiyo ilikuwa tarehe. Na ilikuwa tarehe ya kweli kuliko nyingi nilizoziona majaladani, maana masjala nimeona watumishi wengi mno waliozaliwa tarehe 1 Julai, na sisi sote tulijua Julai mosi hiyo ilikuwa ya kukadiria tu.

Mama yangu naye alipokwenda kuandikishwa NIDA, karani akamuuliza mwaka. Akasema, msimu ambao nzige walikula uwele wote. Karani alikuwa kijana mwenye subira, Mungu ambariki. Akamuuliza, ulipobatizwa pale Mvumi ulikuwa na umbo gani? Mtoto wako wa kwanza ana umri gani? Wakakokotoa pamoja, mama na karani, kwenye kivuli cha mbuyu, mpaka wakapata mwaka ambao mama aliukubali. Ule ulikuwa usajili wenye heshima.

Likaja zoezi la kusajili laini za simu kwa alama za vidole. Mnakumbuka: lilianza Mei 2019, mwisho ukawa Desemba, Rais Magufuli akaongeza siku mpaka 20 Januari 2020. Nilimpeleka mama kwa wakala. Kidole cha kwanza, hakisomi. Cha pili, hakisomi. Vyote kumi, havisomi. Mama alikuwa anakaribia miaka themanini. Amelima kwa jembe la mkono tangu utoto. Amesaga uwele kwa jiwe. Amechota maji ya kisima kwa kamba. Mistari ya vidole vyake ilikuwa imebaki kwenye mpini wa jembe. Wakala, bila ubaya wowote, akasema: "Mama, mfumo unasema wewe si wewe."

Mama akanigeukia akaniuliza kwa Kigogo, amesemaje? Nilishindwa kumtafsiria.

Tulirudi siku ya pili, na ya tatu. Tuliosha vidole, tulipaka mafuta, tulisubiri mchana joto lipande. Siku ya tatu kidole gumba cha kushoto kikasoma. Nilimwona wakala mwenyewe akifuta machozi.

Nasema hivi mbele ya Mheshimiwa Diwani na Mtendaji kwa sababu wao wana meza, na kwenye meza zao watu watakuja na jibu la "hapana" kutoka kwenye mfumo. Nawaomba, nawasihi: "hapana" ya mashine isiwe mlango wa kutokea. Iwe sababu ya kumkalisha mtu kiti na kumuuliza. Jirani yake nani? Aliandikwa lini kwenye daftari la mtaa? Nani alikuwepo? Mtendaji, wewe una daftari la wakazi ofisini kwako. Una wazee wa mtaa. Hizo pia ni kumbukumbu, na kwa mtu kama mama yangu ndizo kumbukumbu pekee. Kijana wa steshenari hawezi kufanya kazi hiyo. Ni yako.

Kuna jambo dogo nisilisahau, ingawa si dogo. Mwezi uliopita nilinunua karanga pale Sabasaba. Nimefika nyumbani, nafungua kile kikaratasi, nakuta ni kopi ya kitambulisho. Picha, jina, namba yenye tarakimu zote ishirini. Mtu alipeleka kopi mahali, wakaitumia, wakaitupa, ikafungia karanga. Sisi tumezoea: ukiombwa kitambulisho unatoa kopi, ukiombwa tena unatoa tena. Kopi zako ziko wapi leo? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo, ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na inakupa haki ya kumuuliza anayechukua taarifa zako anazitakia nini. Uulize. Na uhakiki wa mtandaoni ukifanywa inavyotakiwa unatusaidia hata hapa, maana anayehakiki anahitaji jibu tu, ndiye au siye. Hahitaji kubaki na karatasi ya kufungia karanga. Ukifika nyumbani leo piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa jina lako. Ukikuta usiyoijua, ifuatilie, maana atakayeitumia vibaya anatumia jina lako.

Je, basi tuchome karatasi, tuamini simu? Hapana, hapana kabisa. Nilipokuwa mwaka wangu wa tatu kazini, mchwa waliingia kwenye sanduku la mama yangu kule Kongwa, wakatafuna cheti cha ndoa chote, wakaacha fremu ya wino. Tangu hapo najua udhaifu wa karatasi. Lakini mjukuu wangu yule alikombolewa na nini? Na cheti cha kuzaliwa. Ile karatasi ya zamani ndiyo iliyokuwa na jina sahihi, ndiyo iliyobeba namba ya ingizo, na kwa namba ile msajili alifungua daftari akauona mstari. Bila karatasi asingejua pa kutafuta. Tunza cheti chako. Kipige picha pia, umpe na mwanao mmoja picha hiyo. Na namba ya ingizo iandike mahali pengine, pembeni kabisa, kama mnavyofanya na namba za simu za ndugu.

Sasa wiki hii mkafanye nini?

Vijana mliomaliza kidato cha sita: msisubiri dirisha la mikopo lifunguliwe ndipo muanze uhakiki wa RITA. Anzeni leo. Weka cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na namba ya NIDA kwenye meza moja. Soma jina herufi kwa herufi, kwa sauti, na mwenzako asikilize. Tarehe pia. Namba ya NIDA kama huna, piga *152*00# au ingia tovuti ya NIDA uitafute. Ukiona tofauti, nenda ukarekebishe ungali na mama aliye hai wa kusimama nawe. Hati ya kiapo inasaidia, lakini ni kiraka. Nguo ikishonwa upya ni bora kuliko kiraka.

Wazazi wenye watoto shule ya msingi na sekondari: kabla jina halijapelekwa Baraza la Mitihani, nenda shule na cheti mkononi. Usimtume mtoto. Nenda wewe, mwombe mwalimu akuonyeshe alivyoandika, msome pamoja. Kazi ya nusu saa.

Wenye watoto chini ya miaka mitano: usajili wao sasa unafanyika vituo vya afya na ofisi za kata, cheti unapewa pale pale bila malipo, na taarifa zinatumwa kwa simu kwenda kanzidata ya RITA. Usiondoke dirishani kabla hujasoma kilichoandikwa. Kama husomi, mwombe mtu akusomee. Hakuna aibu. Aibu ni mwanao kukimbizana na kimkia cha juu akiwa na miaka kumi na minane.

Na kishoka yeyote atakayekuambia mpe hela akutengenezee "faster", cheti kitoke leo jioni, umwulize swali la mzee wangu. Daftari linasemaje? Utamwona anavyohama kiti.

Nimesema mengi, na nisiwacheleweshe, kwa sababu leo hatukuja kusikiliza tu. Pale nyuma, karibu na mlango, kuna meza mbili. Kwenye meza ya kwanza wamekaa vijana wetu wawili wa chuo wenye kompyuta, watawasaidia kuingia mfumo na kulinganisha majina, bila malipo, na hawatabaki na kopi ya mtu. Kwenye meza ya pili atakaa Mtendaji. Wasio na cheti, ninyi mlioinamisha vichwa, anzeni kwake.

Bibi, wewe mwenye kitenge cha njano, umeikumbatia hiyo bahasha tangu asubuhi. Wewe utakuwa wa kwanza. Vijana, mpisheni apite. Washeni kompyuta. Mtendaji, leta na lile daftari lako.